Mswada wa kibinafsi si mswada wa mbunge binafsi

Kinyozi wangu wa Kondele, Kisumu, aliniuliza, mashine ikinguruma sikioni: "Ule mswada wa sukari wa Wangwe si ulikuwa wa kibinafsi? Mbona unamhusu hadi mjomba wangu wa Chemelil?" Hata redioni miswada ya aina hizi mbili huchanganywa.

Emmanuel Wangwe, mbunge wa Navakholo hapa Kenya, aliuwasilisha yeye, si serikali. Huo huitwa mswada wa mbunge binafsi. Ulipotiwa saini Novemba 2024 ukawa sheria ya kila mkulima wa miwa, Mumias hadi Muhoroni, kwa hivyo ni mswada wa umma.

Mswada wa kibinafsi hupimwa kwa unayemlenga: mtu, kampuni, kanisa au chama fulani tu. Tuseme wavuvi wa Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, wanataka sheria ya kukiruhusu chama chao, na si kingine, kutoza ada ya kuegesha mashua. Mwombaji ni chama. Mbunge huubeba tu hadi ndani.

Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza. Karne ya 19, kampuni zao za reli zilikwenda Bungeni moja moja kuomba idhini ya kuchukua ardhi za watu. (Reli iliyofika Kisumu 1901 haikupitia njia hiyo, serikali yao iliijenga kwa sheria ya umma ya 1896.) Kwa kuwa mwombaji anajitafutia faida, kamati ya Bunge hukaa kama hakimu, ikamsikiliza yeye na wanaompinga. Kazi ilipowazidi Waingereza, sheria yao ya 1992 ikaitoa miradi ya reli, tramu na mifereji kwenye foleni hiyo na kumpa waziri aamue.

Kwetu Kenya mambo haya yamo katika Kanuni za Kudumu, yaani taratibu za kuendesha shughuli za Bunge, ambazo kila Bunge hujitungia kwa mujibu wa Kifungu cha 124 cha Katiba. Kuzibadilisha hakuhitaji saini ya rais. Wabunge wakikubaliana, basi. Ndiyo maana zikiguswa mimi hukimbilia sehemu ya ilani: nani ajulishwe, wapi, siku ngapi kabla. Kifungu cha 118 kinadai wananchi washirikishwe, lakini mama anayekaanga mbuta pale Dunga hasomi Gazeti Rasmi la Serikali. Ada ikipandishwa, mvuvi ataiongeza kwenye bei ya samaki, na mama huyo ndipo atakapojua kulikuwa na mswada.

Kinyozi akapangusa shingo yangu. "Si wabandike tu kwa mti, pale mashua zinashukishia samaki?"