Duka la mtandaoni la biashara ya nyumbani: anza na oda, rangi baadaye

Watu wanaokuja niwatengenezee duka la mtandaoni, karibu wote wanaanza kwa kunionyesha rangi. Wanakuja na picha za skrini za maduka makubwa, nataka kama hili, picha za mbele ziwe zinapishana hivi, logo ikae hapa. Mi huwa nasikiliza mpaka mwisho halafu nauliza swali moja: mteja akibonyeza kitufe cha kununua saa nane usiku wewe umelala, asubuhi utajuaje? Hapo ndo mazungumzo yenyewe yanaanza. Maana duka la mtu anayefanyia biashara nyumbani, hana mhasibu, hana mtu wa stoo, kazi yake kubwa ni kuitoa oda kwenye simu ya mteja na kuileta mkononi mwako bila kupotea njiani. Na sehemu ambazo oda hupotea nazijua, nimezirekebisha miaka mingi sasa, ngoja nizieleze.

Kwanza jina. Domeni, yaani anwani ya duka lako mtandaoni, huwa hununui ikawa yako milele, unaikodi, na kwa zile za .com unaweza kulipia mwaka mmoja mmoja au mpaka miaka 10 kwa mkupuo. Iandikishe kwa jina lako na barua pepe yako wewe, sio ya fundi, hata kama fundi ni mdogo wako wa tumbo moja. Kuna dada alinifuata, anauza mikoba anayoshona mwenyewe, duka lake limezimika ghafla. Kumbe aliyemtengenezea alisajili domeni kwa akaunti yake mwenyewe, akabadilisha kazi, akabadilisha namba, na muda wa kulipia ukapita. Kwa .com, ikishafutwa kwa kutolipiwa kuna siku 30 ambazo aliyeisajili bado anaweza kuikomboa kwa ada ya ziada, zikiisha kuna siku 5 za kusubiri ambazo hakuna anayeweza kuigusa, halafu inaachiwa yeyote aichukue. Pesa ya kuikomboa tulikuwa nayo, ila akaunti haikuwa yetu kwa hiyo hakuna mlango wa kuingilia. Jina ambalo alishalishonea lebo likaenda kwa mtu mwingine. Ile siku iliniuma mimi kuliko yeye, ndo maana hili nalisema kabla ya kitu kingine chochote. Na usitumie barua pepe ya domeni hiyohiyo kuisajili domeni, ikizimika na ile barua pepe inazimika, sasa ujumbe wa kukukumbusha kulipa utausomea wapi?

Halafu jukwaa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni huduma zilizotengenezwa tayari kama Shopify, imekuwepo tangu 2006, unalipa kila mwezi wao wanashughulika na sava (kompyuta inayolihifadhi duka na kuwafungulia wateja), usalama na apdeti. Ya pili ni kuweka WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye sava uliyokodi halafu juu yake WooCommerce, ambayo ni plagini (kiongezo) ya bure ya kuigeuza tovuti kuwa duka, iliyotoka 2011. Neno bure linawachanganya wengi. Plagini ni bure kweli, lakini hosti, yaani kampuni inayokukodisha sava, unalipia, na apdeti ni zako, bakapu ni zako, plagini mbili zikigombana usiku ni wewe unayeamka. Ushauri wangu ukiwa peke yako na huna fundi wa kumpigia, chukua ile ya tayari. Ukiwa na mtu wa karibu anayejua hizi kazi, au njia ya malipo wanayotumia wateja wako haipo kwenye zile za tayari, basi WooCommerce. Na kama una bidhaa tano tu na wateja wako wote wanaagiza kwa kuchati, ukurasa mmoja wenye picha, bei na kitufe cha kufungua chati unatosha kabisa kwa sasa, usijitwike mzigo ambao biashara bado haijauhitaji.

Kile kikufuli cha HTTPS, yaani ulinzi wa taarifa zinazopita kati ya mteja na duka lako, nitakipita haraka: lazima kiwepo. Tangu Julai 2018 Chrome inaiandika kila tovuti isiyo nacho kuwa si salama, na hakuna mtu atakayelipia mahali palipoandikwa hivyo. Cheti chake unapata bure kwa Let's Encrypt, kinadumu siku 90 na hosti nyingi zinakihuisha zenyewe, hakikisha tu hilo la kujihuisha limewashwa.

Sasa malipo, hapa tukae kidogo. Mteja akibonyeza kulipa, duka lako linamtuma kwa kampuni inayopokea malipo, iwe ya kadi au ya pesa za simu. Akishalipa, taarifa inarudi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mteja mwenyewe kurudishwa kwenye ukurasa wako wa asante. Njia ya pili haionekani kwa macho: sava ya kampuni ya malipo inaiambia sava yako moja kwa moja kwamba oda namba fulani imelipwa kiasi fulani, mafundi tunaiita webhuki au kolibaki. Duka linatakiwa liamini hii ya pili. Sasa nimekuta maduka mengi yanategemea ile ya kwanza, yaani ukurasa wa asante ukifunguka tu oda inahesabiwa imelipwa. Ni kosa la pande zote mbili. Mteja akilipa halafu bando likakata, au akafunga ukurasa kwa sababu ameshaona ujumbe wa kukatwa pesa, oda yako inabaki inasubiri malipo wakati pesa imeshaingia. Na mjanja anayejua anwani ya ule ukurasa wa asante anaweza kuuandika tu mwenyewe akapata mzigo bila kulipa.

Kwenye WooCommerce kuna kitu kinaongeza utata. Ukiwasha hesabu ya stoku, oda isiyolipwa inashikiliwa dakika 60 halafu inafutwa yenyewe ili bidhaa irudi sokoni, hiyo 60 ndo inakuja nayo, unaweza kuibadilisha. Ni jambo zuri, lakini unganisha na kolibaki isiyofika uone. Mteja amelipa, taarifa haijafika, saa limepita, oda imefutwa, bidhaa imerudi dukani, mwingine amenunua ileile. Unaamka una watu wawili wamelipia mkoba mmoja. Kwa mtu anayetengeneza kitu kimoja kimoja kwa mkono hilo ni jeraha, kwa sababu huwezi kutoa kingine ghalani.

Kwa hiyo kabla ya kumtangazia mtu yeyote, fanya jaribio hili. Kampuni nyingi za malipo zinakupa mazingira ya majaribio, tumia hayo kwanza. Kisha weka bidhaa ya bei ndogo kabisa, inunue kwa simu yako kwa pesa halisi, ukishathibitisha tu malipo funga kivinjari hapohapo usisubiri ukurasa wa asante. Ingia kwenye orodha ya oda kwa kompyuta. Ikiwa imebadilika kuwa imelipwa, kolibaki inafanya kazi. Ikibaki inasubiri, rudi kwa fundi na usikubali akuambie uwe unahakiki kwa mkono. Mwulize pia kama kolibaki inalinganisha kiasi kilicholipwa na jumla ya oda na kama inahakiki saini ya kampuni ya malipo, kwa sababu bila hivyo mtu anaweza kuitumia sava yako taarifa ya uongo. Na namba za kadi za wateja zisikae kwako hata siku moja, mteja azijaze kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, wewe upokee jibu tu.

Oda imelipwa, imeingia, na bado huijui. Hii ndo ajali ninayoikuta mara nyingi kuliko zote: barua pepe ya taarifa imeangukia kwenye spamu, au haikufika kabisa. Sababu ni kwamba sava ya hosti yako inatuma barua kwa jina la domeni yako lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba inaruhusiwa. Ruhusa inaandikwa kwenye DNS, yaani orodha ya mipangilio ya domeni yako, kwa rekodi mbili, SPF inayotaja ni sava zipi zinaweza kutuma kwa jina lako, na DKIM inayoweka saini kwenye kila barua. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi, hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na angalau moja kati ya hizo, mi naweka zote mbili kwa kila duka. Kisha natuma barua za duka kupitia huduma ya SMTP, yaani kampuni ambayo kazi yake ni kutuma barua pepe, badala ya kuiachia sava yenyewe. Ukimaliza, agiza kitu kwa kutumia barua pepe ya Gmail halafu uone risiti imeangukia wapi. Na hata zikifika vizuri, jizoeshe kufungua ukurasa wa oda kila asubuhi, barua ni kengele tu, daftari lenyewe liko dukani.

Picha. Simu ya kawaida inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti kadhaa kila moja, na mteja hahitaji zote hizo. Punguza upana uwe pikseli 1200 hivi, hifadhi kwa WebP au JPEG, hakikisha haizidi kilobaiti 200, utashangaa duka linavyofunguka. Lakini kuna kingine ambacho wauzaji wa nyumbani wanakisahau. Kamera ikiwa na ruhusa ya kujua ulipo, faili ya picha inabeba ndani yake namba za ramani za pale ulipopigia, na wewe umepigia chumbani kwako. Ukipandisha faili halisi, mtu anaweza kuishusha akasoma unakaa wapi. Zima eneo kwenye kamera kabla ya kupiga, na zile za zamani zifute taarifa hizo kwanza. Kwa sababu hiyohiyo washa ulinzi wa taarifa binafsi unaposajili domeni, na kwenye ukurasa wa mawasiliano weka sanduku la posta au namba ya biashara, anwani ya nyumba isiwepo.

Gharama ya usafirishaji pima bidhaa ikiwa imeshafungwa ndani ya boksi lake, na boksi lenyewe lipime urefu, upana na kimo, kwa sababu wasafirishaji wengi wanachaji kwa ukubwa pale kitu kikiwa chepesi lakini kimejaa nafasi. Bei hiyo mteja aione mapema, ikiwezekana pale kwenye kikapu. Akiiona mara ya kwanza kwenye hatua ya kulipa, wengi wanaondoka na hawakuambii kwa nini.

Mwisho kabisa namtafuta mtu ambaye hajawahi kuliona hilo duka, nampa simu, namwambia nunua kitu, halafu nakaa pembeni kimya na mwenye duka naye akae kimya. Kwa yule dada wa mikoba, tulipofungua upya kwa jina jipya alilosajili mwenyewe, tulimpa jirani yake. Akachagua mkoba wa kahawia, akashuka chini, akapanda juu, akashuka tena, mwishowe akauliza, huu laptopu inaingia? Vipimo hatukuviandika popote. Tukavijaza siku hiyohiyo kwa mikoba yote 14, yeye anapima kwa futi ya kushonea, mimi nachapa.