Neno Halina Mfupa

Wanafunzi wangu hapa Dar es Salaam hunitumia video za mtandaoni zinazoeleza asili ya maneno na chimbuko la binadamu, wakitaka nizikague. Nazitazama kwa hamu, kwa kuwa isimu historia, yaani utafiti wa jinsi lugha zinavyobadilika, ndiyo kazi yangu, na hunifurahisha kwamba kijana aliye kwenye daladala anaweza kusikia habari za Olduvai akiwa njiani kurudi nyumbani. Lakini nyingi huteleza mahali pamoja: huonyesha fuvu, kisha papo hapo hutaja maneno "ya binadamu wa kwanza", kana kwamba vyote vimechimbuliwa katika shimo moja.

Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolivumbua mwanaakiolojia Mary Leakey huko Olduvai Julai 1959, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa hapa jijini. Umri wake, takriban miaka 1,750,000, ulijulikana kwa kupimwa majivu ya volkano ya tabaka lilimokuwa. (Huyo, kwa njia, si babu yetu wa moja kwa moja, ingawa video nyingi humwita hivyo.) Neno halina mfupa wala majivu. Maandishi ya kale kabisa yana miaka 5,000 na ushei, na kuenea kwa lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwemo, kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni kunakadiriwa kulianza miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Hakuna anayejua Zinjanthropus alitoa sauti gani.

Ushahidi tulio nao ni wa namna nyingine, na natamani ungeonyeshwa. Chukua maneno njaa, makaa na kaa (keti). Kichewa cha Malawi, nacho cha Kibantu, husema njala, makala na khala. Neno moja likifanana na jingine huenda ni bahati tu, au limeazimwa. Lakini pengo lilelile likijirudia mahali palepale katika neno baada ya neno, tunaona kanuni: Kiswahili kilidondosha "l" katikati ya irabu hizo, na ndiyo maana tukabaki na "aa". Wala hatuhitaji kwenda Malawi kuthibitisha. Tia kitenzi kaa katika kauli ya kutendea, nawe utasema kalia, si kaia; ile "l" iliyopotea inarudi yenyewe mdomoni mwa mtoto wa Manzese ambaye hajawahi kusikia Kichewa. Katika mkazi na makazi imegeuka "z".

Sioni haja ya muziki wa kutisha wala picha za mapango. Mtayarishaji akimweka mtoto mbele ya kamera, akamwuliza kile kiti anakifanyaje, akajibu "nakikalia", dakika tano zinazobaki zinatosha kueleza ile "l" imetoka wapi.