Damu ya Kiayalandi, pasipoti ya Ayalandi: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

Mei 2011 kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, kilimpokea Barack Obama kama mtoto aliyerudi nyumbani. Huku kwetu anajulikana kwa Kogelo, ila upande wa mama yake yumo Falmouth Kearney, kijana aliyeondoka Moneygall mwaka 1850, enzi za njaa kuu. Wamepishana vizazi vitano. Shangwe zote zile, na bado Kearney peke yake hawezi kumpa Obama hata ukurasa mmoja wa pasipoti ya Ayalandi.

"Ukiwa na damu ya Kiayalandi, uraia ni wako."

Sheria inahesabu vizazi, na kwa kawaida hesabu hiyo inaishia kwa babu au bibi. Kama mzazi wako ni raia aliyezaliwa kisiwani, Ayalandi Kaskazini ikiwemo, wewe ni raia tangu kuzaliwa. Unaomba pasipoti moja kwa moja. Kama aliyezaliwa huko ni babu au bibi, lazima kwanza uandikishwe kwenye daftari la waliozaliwa ng'ambo, linalosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Ada ni euro 278 kwa mtu mzima na 153 kwa mtoto.

Fomu inajazwa mtandaoni, inachapishwa, kisha inasainiwa mbele ya shahidi anayekubalika, kama wakili, daktari au ofisa wa polisi, asiye ndugu yako. Nyaraka zinapanda ngazi tatu. Ya babu au bibi: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, na cha kifo kama amefariki. Ya mzazi: vilevile, ila kama yu hai, nakala ya kitambulisho badala ya cheti cha kifo. Yako: cheti cha kuzaliwa, nakala ya pasipoti iliyothibitishwa, uthibitisho wa makazi na picha. Vyeti viwe halisi. Wengi hukwama kwa sababu wametuma cheti kifupi kisicho na majina ya wazazi, au cheti cha ubatizo mahali panapotakiwa cha serikali, au wamesahau cheti cha ndoa kinachoeleza kwa nini bibi aliitwa Murphy akaja kuitwa Kelly.

Jambo linaloumiza familia zaidi ni tarehe. Uraia wa njia hii unaanza siku jina linapoingia daftarini, haurudi nyuma. Chukua mama aliyeandikishwa mwezi Machi: mtoto wake aliyezaliwa Januari mwaka huohuo haupati kupitia yeye, lakini atakayezaliwa Aprili ataweza kuandikishwa. Tumbo moja, hadhi mbili. Anayepanga kuzaa na aanze na daftari. Ndiyo maana pia wako wachache ambao aliyezaliwa Ayalandi ni baba au mama wa babu yao, na bado wanafuzu: mzazi wao aliwahi kujiandikisha kabla hawajazaliwa.

"Kumbukumbu zote ziliteketea mwaka 1922."

Jengo la kumbukumbu la Four Courts mjini Dublin liliungua kweli, na sensa za 1821 hadi 1851 zikapotea karibu zote. Zile za 1861 hadi 1891 hazikuguswa na moto huo: serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Lakini uandikishaji wa vizazi na vifo ulioanza 1864 upo, na sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bure mtandaoni. Kwa anayehitaji cheti cha babu tu, hicho kisingizio hakina mashiko.

"Jina letu lilikatwa Ellis Island."

Maofisa wa kituo hicho cha kupokea wahamiaji, New York, walifuata orodha za abiria zilizokwisha andikwa na kampuni za meli. Tena kituo kilifunguliwa 1892, wakati walioikimbia njaa walishafika miaka arobaini nyuma. "O" na "Mac" nyingi za mwanzo wa majina ya ukoo ziliachwa Ayalandi kwenyewe, chini ya utawala wa Waingereza. Tafuta Sullivan na O'Sullivan kwa pamoja.

"Aliyezaliwa ng'ambo ni Mwayalandi wa bandia."

Kejeli hii hutupiwa hasa waliozaliwa Uingereza, na haina uzito. Mick McCarthy, nahodha wa Ayalandi kwenye Kombe la Dunia la 1990, alizaliwa Barnsley. Kwenye soka ya Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waayalandi, timu za London na New York hucheza ubingwa wa jimbo la Connacht, na mwaka 2023 New York waliwatoa Leitrim, kaunti ya Ayalandi kwenyewe, kwa penalti. Gwaride la Mtakatifu Patrick la New York lilianza 1762, wakati taifa huru la Ayalandi halijawazwa. Dublin ndiyo iliyokuja kuiga shamrashamra za wahamiaji, si kinyume chake. Katiba nayo, tangu mabadiliko yaliyotokana na mkataba wa amani ya Ayalandi Kaskazini wa 1998, inatamka kwamba taifa linathamini uhusiano wa pekee na wenye asili ya Ayalandi wanaoishi nje.

Ila tamko hilo halitoi haki yoyote. Kati ya 2011 na 2015 serikali iliuza hata cheti cha urithi wa Kiayalandi: kizuri kutundikwa ukutani, lakini uwanja wa ndege hakikumvusha mtu.

"Mwenye pasipoti anapiga kura popote alipo."

Hapana. Ukiacha wanadiplomasia, wanajeshi na wahitimu wa vyuo wenye kura ya Seneti, raia anayeishi nje hapigi kura. Aliyeondoka akikusudia kurudi ndani ya miezi 18 anaweza kubaki kwenye orodha, ila lazima afike kituoni mwenyewe. Maelfu waliopanda ndege kwenda kupiga kura za maoni za 2015 (ndoa za jinsia moja) na 2018 (utoaji mimba) walibanwa na kikomo hichohicho: aliyehamia Sydney moja kwa moja hakuwa na kura, hata kama alizaliwa Cork na wazazi wake bado wako huko.