Je, wajua kwa nini fundi wa nguo za kale hupenda mchoro unaoonyesha mgongo?

Katika makumbusho ya British Museum jijini London kuna karatasi ndogo, takriban sm 16 kwa 11. Juu yake Hans Holbein, Mjerumani aliyekuwa mchoraji wa Mfalme Henry VIII, alimchora mwanamke aliyevaa kofia ya Kiingereza ya miaka ya 1530. Alimchora mara mbili: mbele, kisha nyuma. Anayetaka kuishona upya nguo ile atafaidi zaidi mgongo huo kuliko picha kubwa ya rangi za mafuta.

Tazama kofia. Kwa mbele imekaa kama paa la nyumba: ncha juu ya paji la uso, miteremko miwili ikishuka mashavuni. Picha nyingi za wakati ule huishia hapo, na anayeziiga hushona kitu kimoja kigumu kama sanduku. Mgongo unafichua kwamba ni vipande kadhaa vilivyounganishwa: chini kitambaa cha kitani, juu yake umbo gumu, na nyuma ushungi mweusi unaoning'inia. Kilichoshika vipande hivyo ni pini. Mchoraji hachori pini yenyewe, ila mikunjo yote ya mahali hapo hukimbilia nukta moja. Ukiiona nukta hiyo, usiweke mshono.

Mikunjo ndiyo lugha ya kitambaa. Mikali, mifupi, inayovunjika pembe pembe ni ya hariri ngumu. Michache, minene, yenye migongo ya mviringo ni ya mahameli. Myembamba iliyosongamana ni ya kitani. Chagua mstari mmoja, ufuate hadi unapoanzia. Hapo ndipo nguo ilipobebwa.

Vipimo navyo vimo. Kofia imeficha utosi, kwa hiyo pima kidevu hadi macho: hiyo ni nusu ya kichwa, yaani sm 11 hivi kwa mtu mzima. Kwa kipimo hicho utajua upana wa mkono wa gauni. Wengi hukosea kwenye marinda, wakikata kitambaa kwa upana wanaouona. Marinda yaliyopangwa ubavu kwa ubavu hula mara tatu: kiuno cha sm 70 kilichozungukwa na marinda kinadai sm 210, kabla ya kuongeza za mshono.

Rangi ndiyo ambayo wino mweusi hauwezi kuisema. Holbein alilijua hilo. Kwenye mchoro wake wa William Parr, mtu wa tabaka la juu Uingereza, uliohifadhiwa katika kasri la Windsor, aliandika juu ya nguo zenyewe: hapa mahameli nyeupe, pale mahameli ya zambarau, pengine satini nyeupe, na herufi mbili tu, "gl", penye dhahabu. Bila maandishi hayo, mahameli nyeupe na satini nyeupe zingebaki karatasi tupu.