Je, wajua kwa nini ndege hukimbia mbali zaidi kwenye lami Dodoma kuliko Dar es Salaam kabla ya kupaa?

Wengi hudhani ni kinyume chake. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, basi ndege imeshapunguziwa safari ya kwenda juu. Tena jua la huku huchemsha hewa, na hewa ya moto hupanda, kwa hiyo itaibeba. Hoja hii ya pili ina ukweli ndani yake: tai wanaozunguka juu ya nyika ya Ugogo saa nane mchana hupandishwa na hewa hiyohiyo bila kupiga mabawa. Lakini tai ameshaiacha ardhi. Ndege iliyo bado kwenye lami haipati msaada huo, na joto linaiongezea kazi.

Bawa huibeba ndege kwa kusukuma hewa chini, na kinachohesabika ni uzito wa hewa inayosukumwa kila sekunde na kasi inayosukumwa nayo. Chukulia kila mita ya ujazo ya hewa ni gunia la mtama. Dar es Salaam gunia limejaa. Dodoma, hata joto likiwa lilelile, limepungua karibu asilimia 12, na jua la Novemba likikolea hewa hutanuka, gunia linapungua tena. Mnunuzi hataki kupunjwa, basi magunia mengi zaidi yapite kwa muda uleule: ndege iongeze mwendo. Asilimia 7 hivi inatosha, kwa kuwa mwendo ukizidi bawa huisukuma hewa chini kwa kasi zaidi pia. Injini nazo hula kwenye magunia hayohayo, hivyo nguvu hupungua pale inapotakiwa zaidi. Cha kushangaza, kipima mwendo humwonyesha rubani namba ileile ya Dar, kwa kuwa nacho husoma msukumo wa hewa. Nje, lami inapita kwa kasi zaidi chini ya matairi.

Machi 1920, marubani Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, wakitoka Uingereza kwenda Cape Town, walianguka na ndege yao aina ya Vickers Vimy huko Bulawayo (Zimbabwe ya leo), mji ulio juu kuliko Dodoma. Ndege ilishindwa kupanda katika hewa nyepesi. Siku chache kabla, Vimy nyingine kwenye njia hiyo iliishia Tabora, ingawa injini zake zilisumbua safari nzima, na si haki kuitwisha hewa lawama yote. Hata hivyo, mwaka 1932 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, likaanza kutua Dodoma kati ya London na Cape Town.

Uwanja wa ndege wa Msalato, Dodoma, ulipangiwa barabara ya kurukia ya kilomita 3.6. Ukubwa wa ndege zinazotarajiwa umechangia urefu huo, lakini gunia lililopungua nalo limo kwenye hesabu.