Upelelezi si ufuatiliaji wa halaiki

Wiki hii nimesikia mara tatu, mbili redioni na moja ndani ya matatu ya Likoni, hapa Mombasa, mtu akisema kwa uhakika kabisa: "Serikali inawapeleleza wananchi wote, na ni halali, sheria ipo." Na kila mara alikuwepo mwenzake wa kumalizia: "Kama hujafanya kosa, hofu ya nini?" Kimsamiati si sawa, kisheria si sawa, na lile swali la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Ndiyo maana naandika.

Maana kwanza, na haina urefu. Ufuatiliaji wa halaiki ni serikali kukusanya na kuhifadhi taarifa za mawasiliano ya watu wote, au za kundi kubwa mno, bila kumshuku yeyote kati yao, ili ije ipekue baadaye itakapohitaji. Njia yaweza kuwa mtambo uliofungwa kwenye kampuni ya simu, waya wa chini ya bahari, au amri ya mahakama inayoitaka kampuni ikabidhi orodha. Njia si hoja. Linaloupambanua ni kipi kimetangulia: hapa kukusanya kumetangulia, shaka inafuata.

Katika kupeleleza ni kinyume chake, shaka hutangulia. Aliyesoma Biblia ya Kiswahili anaikumbuka sura ya 13 ya Hesabu, watu 12 wanatumwa kuipeleleza nchi ya Kanaani. Musa hawaachii waende hivi hivi, anawapa maswali. Watu wa huko ni hodari au dhaifu, wachache au wengi? Wanakaa katika kambi au katika ngome? Ardhi yao ina rutuba? Wanaondoka wakijua wanakokwenda na wanachokitafuta. Ndivyo afanyavyo askari wa jinai hata leo: kuna duka limevunjwa, kuna mtu anashukiwa, kuna nambari moja ya simu ambayo anaiombea kibali kwa hakimu ajue ilimpigia nani usiku ule. Anayesema watu wote wanapelelezwa ni sawa na anayesema anatafuta ilhali hakuna alichopoteza.

Neno jasusi nalo tumeliazima kwa Waarabu. Mzizi wake ni kugusa, kupapasa kwa mkono, kama tabibu anavyoupapasa mshipa wa mgonjwa. Ni mzizi uleule uliomo katika Kurani, Sura ya 49, aya ya 12, *wala tajassasu*, yaani msipelelezane. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana nitalirudia.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni udukuzi. Siku hizi linabebeshwa kila kitu: kijana aliyeiba nywila ya mwenzake, programu ya kijasusi iliyopandikizwa katika simu ya mwandishi wa habari, na serikali inayochota taarifa za nchi nzima. Kamusi zetu za zamani zina *dukiza* na *mdukizi*, yule anayetega sikio kwa siri asikie maneno ya wenyewe. Mdukizi anajua anakosea, na akifumaniwa anaona haya. Udukuzi wa leo umebaki na alama hiyo, ni kuingia usikoruhusiwa. Lakini ufuatiliaji wa halaiki mara nyingi hauvunji mlango wowote. Kampuni inapokea barua rasmi yenye mhuri, nayo inakabidhi. Ukiuita udukuzi, msemaji wa serikali atajibu, na atakuwa anasema kweli, kwamba hakuna mfumo wowote uliodukuliwa. Mjadala utaishia hapo, na wewe ndiye utakayeonekana mzushi.

Halaiki nalo lina asili ya Kiarabu: viumbe, wote walioumbwa. Wengi tunalijua kwa watoto wa shule wanaocheza halaiki uwanjani siku za sikukuu za taifa, na kwa lile neno zito, mauaji ya halaiki. Hapa linafaa kuliko "umma". Umma ni watu waliounganishwa na jambo, halaiki ni wingi tu. Mtambo hauoni umma. "Ufuatiliaji" lina upole nisioupenda, kwa kuwa ofisi za miradi zimelizoea katika "ufuatiliaji na tathmini", ila sina jingine lililo bora.

Sasa tuje kwenye "ni halali, sheria ipo". Hapo yamechanganywa mambo ambayo mahakama huyatenganisha kwa makini: kama sheria ipo, kama sheria hiyo inasema kweli kile serikali inachodai, na kama katiba inaikubali.

Juni 2013 Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa mkataba katika NSA, shirika la kijasusi la Marekani linalonasa mawasiliano, alitoa nyaraka zilizoonyesha kwamba mahakama ya siri ya Marekani iliiamuru kampuni ya Verizon iikabidhi NSA, kila siku, taarifa za simu za wateja wake: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Maneno yenyewe ya mazungumzo hayakuwemo. Serikali ilijibu kama abiria wa Likoni, sheria ipo. Na kweli ilikuwepo, kifungu cha 215 cha sheria ya mwaka 2001 iliyopitishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kifungu kiliruhusu kuchukua vitu vyenye uhusiano na uchunguzi. Mei 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikasoma kifungu hicho na kusema hakina maana hiyo. Huwezi kuchukua simu za nchi nzima kwa kudai kwamba siku moja baadhi yake zitahusiana na uchunguzi ambao bado haujaanza. Sheria ilikuwepo, ruhusa haikuwepo.

Afrika Kusini ilikuwa mbaya zaidi. Kesi ya kituo cha waandishi wapekuzi, amaBhungane, ilifika Mahakama ya Katiba, na Februari 2021 majaji wakaamua kwamba unasaji wa jumla wa mawasiliano uliofanywa na serikali ulikuwa haramu kwa sababu nyepesi kabisa: hakuna sheria iliyouruhusu. Walikuwa wakiufanya tu.

Ulaya walikuwa na sheria iliyosema wazi. Agizo la mwaka 2006 lilizitaka kampuni za simu na intaneti zihifadhi taarifa za wateja wote kwa miezi 6 hadi 24. Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikalifuta lote, kwa kuwa liligusa maisha ya kila mtu bila kipimo. Lakini ili nisimdanganye msomaji, niseme pia kwamba Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg, katika hukumu ya Mei 2021 dhidi ya Uingereza, haikusema kwamba unasaji wa jumla ni haramu kwa asili yake. Ilisema unaweza kukubalika ukiwa na ulinzi wa kweli tangu mwanzo hadi mwisho, ikiwemo idhini ya chombo kisicho chini ya serikali, na kwamba Uingereza haikuwa na ulinzi huo. Kwa hiyo anayesema "ni haramu daima" naye amekwenda mbio kuliko majaji.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 kifungu cha 31 inalinda faragha, na imeyataja mawasiliano kwa jina. Kifungu cha 24 kinasema haki inaweza kupunguzwa kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachoridhisha katika jamii huru. Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kuunganisha mfumo wa kutambua vifaa na mitambo ya kampuni za simu, ikisema inatafuta simu bandia, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliuzuia kwa kuhofia faragha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Majaji wa nchi moja, katiba ileile, majibu mawili. Ndipo nashangaa mtu akilimaliza jambo hili kwa maneno mawili kabla gari halijafika kituo cha pili.

Na kuna swali ambalo kwetu linapaswa kuwa la kwanza: halali kwa nani? Mei 2014 iliripotiwa, kutokana na nyaraka zilezile za Snowden, kwamba NSA ilikuwa ikikusanya taarifa za simu za Kenya chini ya mpango ulioitwa MYSTIC, pamoja na za Mexico na Ufilipino. Hukumu ya New York ilimlinda mteja wa Verizon. Mama anayempigia mwanawe kutoka Kilifi haikumgusa, kwani sheria ya Marekani inamhesabu kuwa mgeni aliye nje, na ulinzi wake hapo ni mdogo mno.

Nimesema nitarudi kwenye *tajassasu*. Inasimuliwa, na darasani nimeisikia zaidi ya mara moja, kwamba Khalifa Omar usiku mmoja alisikia sauti katika nyumba ya mtu, akapanda ukuta, akamkuta yule bwana na pombe. Akamkaripia. Bwana akamjibu: mimi nimemwasi Mungu katika jambo moja, wewe matatu. Kasema msipelelezane, nawe umepeleleza. Kasema ziingieni nyumba kupitia milangoni, nawe umepanda ukuta. Kasema msiingie nyumba za watu bila kuomba ruhusa na kusalimu, nawe hukubisha hodi wala hukusalimu. Omar akamwacha, akatoka.

Tazama vizuri, bwana huyu alikuwa *na* kosa la kuficha. Kisa hakimtetei kwa usafi wake. Faragha imehesabiwa kuwa haki hata ya mwenye hatia. Ndiyo maana "kama hujafanya kosa, hofu ya nini" halijibu chochote. Neno faragha lenyewe limetoka kwenye maana ya uwazi, kuwa na nafasi, kutokuwa na shughuli inayokubana. Mtu akiwa faraghani amepumzika macho ya watu. Hatumuulizi anayefunga mlango wa chumba chake anaficha nini.

Madhara nayo yapo, na yamewapata watu wa kawaida. Septemba 2013 mkaguzi mkuu wa NSA alimwandikia seneta barua akithibitisha matukio 12 tangu mwaka 2003 ya watumishi waliotumia mitambo hiyo makusudi kwa mambo yao, baadhi yao wakiwachungulia wapenzi na wenzi wao wa ndoa. Watu hao hawakuwa na kosa lolote, kosa lao lilikuwa kujulikana na mtu mwenye funguo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya Juni 2013 usomaji wa makala za Wikipedia zinazohusu ugaidi ulishuka. Aliyetaka kujifunza tu aliacha kusoma.

Na faida? Januari 2014 bodi ya faragha iliyoundwa na serikali ya Marekani yenyewe iliripoti kwamba haikupata hata tishio moja dhidi ya nchi hiyo ambalo matokeo ya uchunguzi wake yalibadilishwa na ule mpango wa taarifa za simu. Kesi iliyotajwa sana ni ya dereva teksi Msomali wa San Diego aliyepelekea Al-Shabaab dola elfu kadhaa. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilisema ukusanyaji ule ulivunja sheria, ingawa hatia yake iliachwa ilivyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Likoni, nadhani ulitaka kusema kwamba serikali huenda inafuatilia halaiki, na kwamba wako wanaodai sheria imeiruhusu. Sema hivyo, nami sitakupinga. Nitakuuliza tu ni sheria ipi, na kifungu cha ngapi.