Septemba ni ya saba, na Waroma hawakukosea kuhesabu

Hapa Bukavu, kila ninapoandika miezi kwa Kiingereza ubaoni, mwanafunzi mmoja huinua mkono: "Mwalimu, ulisema septem ya Kilatini ni saba. Mbona September ni mwezi wa tisa?" Nalipenda sana swali hilo. Ila jibu ambalo wengi wamelishika si sahihi.

Dhana: Julius Caesar na Augustus walichomeka miezi yao miwili katikati ya mwaka, mingine ikasukumwa.

Ukweli: hawakuongeza hata mmoja. Julai na Agosti zilikuwepo tayari, zikiitwa Quintilis na Sextilis, yaani wa tano na wa sita. Zilibadilishwa majina tu, Julai mwaka wa 44 KK na Agosti mwaka wa 8 KK. Waroma wa kale waliuanza mwaka Machi. Hesabu kwa vidole kuanzia hapo: Septemba ya saba, Oktoba ya nane (octo), Novemba ya tisa (novem), Desemba ya kumi (decem). Mwanzo wa mwaka ulipohamia Januari, majina hayakuhama nao.

Jambo hilo hilo tunalo sisi. Nyumbani, tukianzia Jumatatu, tunasema siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Hiyo siku ya tatu, Kiswahili cha vitabu kinaiita Jumatano, kwa sababu watu wa pwani huanza kuhesabu mara Ijumaa ikiisha: Jumamosi ya kwanza, Jumatano ya tano. Nikilieleza hivyo, darasa zima huelewa bila kuhitaji Roma.

Dhana: septante (sabini) na nonante (tisini) ni Kifaransa kibovu cha Wakongo.

Ukweli: ni watoto halali wa Kilatini, septuaginta na nonaginta, na hata leo Ubelgiji na Uswisi wanayasema. Kifaransa kililetwa kwetu na Wabelgiji. Mtoto anayesema septante ameshashika nusu ya neno la Kiingereza septuagenarian, mtu mwenye umri wa miaka sabini na kitu. Inaniuma anapochekwa.

Dhana: bi- siku zote ni mbili. Katika bicycle, ndiyo. Katika biology, hapana: hiyo ni bios ya Kigiriki, uhai.

Dhana: centi- ni mia, basi centipede, yaani tandu, ana miguu mia.

Ukweli: centum ni mia kweli, lakini jozi za miguu ya tandu mzima huwa witiri, 15 au 21 au 23, na kuendelea. Miguu mia ni jozi 50, naye hafiki hapo kamili. Millipede, jongoo, amebeba jina la elfu, na jongoo wa kwanza kujulikana kuipita elfu alitangazwa mwaka wa 2021. Alitoka chini ya ardhi Australia, akiwa na miguu 1,306.

Kwenye vipimo mambo yamegeuzwa. Ufaransa, mwaka wa 1795, waliamua Kilatini kigawanye na Kigiriki kizidishe. Kwa hiyo mili ya Kilatini na kilo ya Kigiriki zote ni elfu, lakini nesi anayevuta mililita kwenye sindano anapima sehemu moja ya elfu ya lita, na muuza nyama wa Kadutu akikukatia kilo amekupa gramu elfu nzima.